Pikipiki ya Mama Mkwe

Kuku wa Nuu na vijiji vinavyoizunguka humjua Kaveke kuliko watoto wanavyomjua mwalimu wao. Akikata kona ya mwisho ya boma, pikipiki yake nyekundu ikinguruma, kuku hutawanyika vichakani, na wenye boma huanza kuwakimbiza huku wakicheka, maana wanajua kazi imefika. Kaveke hushuka, huvua kofia, hufungua kisanduku cha barafu alichokifunga nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu, na kuanza. Kuku mmoja baada ya mwingine, kichwa kikiinamishwa kando, tone moja la chanjo kwenye jicho, haya, nenda zako. Kabla yake, upepo wa Agosti ulipoleta ugonjwa wa kideri, boma zima lingeamka bila hata jogoo wa kuwika. Sasa akina mama wanajua watauza kuku wawili Desemba na mtoto atavaa sare mpya Januari. Ndiyo maana wanamwita Daktari. Yeye hukanusha cheo hicho, ingawa hajawahi kukikanusha kwa sauti kubwa.

Chanjo haipendi jua, na Nuu kuna jua la kutosha na la kugawia majirani. Barafu ikiyeyuka njiani, dawa inakuwa maji matupu, na daktari anakuwa mama mzima aliyevaa kofia ya plastiki katikati ya barabara ya mchanga. Kwa hiyo pikipiki ya Kaveke si ya fahari. Ndiyo kazi yenyewe. Mumewe, Mulwa, hukaa Kibwezi akimwagilia vitunguu vya watu kando ya mto na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, na hata yeye hukiri kwamba nyumba ile inaendeshwa na injini, wala si na mwanamume.

Pikipiki hiyo Kaveke huitengeneza mwenyewe. Hakuzaliwa na ujuzi huo wala hakuutamani. Miaka ya mwanzo alikuwa na imani na gereji kama mtu yeyote. Kisha siku moja aliiacha kwa fundi mmoja wa mjini akaenda kwenye mazishi, na jioni akarudishiwa pikipiki yenye sura ileile na tumbo la nyingine. Kabureta yake ilikuwa mpya. Hii ilikuwa na kutu na alama ya kupigwa nyundo. Alilalamika, wakamwangalia kwa macho makavu, wakamwambia, "Mama, hata wewe asubuhi ulikuwa kijana." Waliangua kicheko. Kaveke hakucheka. Aliisukuma mpaka barabarani akaapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaofungua kitu chake tena.

Akajifunza. Alikuwa akisimama mbali na vibanda vya mafundi akijitia hamnazo, kumbe anatazama. Akirudi nyumbani alitandika gunia chini ya banda la mbuzi, akaleta uteo wake wa kupepetea pojo, na kila nati aliyoifungua akaiweka kwenye uteo kwa mpangilio ilivyotoka, kuanzia kushoto. Wakati wa kurudisha alianzia kulia. Mbuzi mmoja alimeza washa, kile kipete cha chini ya nati, siku moja, Kaveke akalazimika kungoja. Lakini polepole mikono ilizoea. Alijua kukaza cheni, kusafisha plagi, kubadilisha breki na kuziba tairi. Na kwa kuwa injini ilikuwa imezeeka na ilipenda kunywa oili, kila Jumatatu kabla ya kuondoka aliitilia kikombe kimoja. Hakupima. Kijiti cha kupimia kina mstari mwembamba ambao macho yake yaliacha kuuona zamani, na miwani aliyo nayo aliichukulia kuwa ya kusomea Biblia, si ya kuchungulia injini. Jambo la macho hakumwambia mtu. Angelisema, mumewe angemwambia akae nyumbani.

Sasa, mtu angeuliza: Nuu hakuna fundi mwaminifu? Yuko. Tena ni fundi hodari, mtaratibu, asiyeiba hata skrubu. Kibanda chake kiko kando ya barabara ileile ambayo Kaveke hupita kila siku asubuhi na jioni. Anaitwa Gedion, na shida ni kwamba amemwoa Kaluki, binti wa Kaveke.

Kwa Wakamba kuna nthoni. Ni heshima iliyochanganywa na haya, na kubwa kuliko zote ni ile iliyo kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawapeani mikono. Hawali meza moja. Hawatajani majina. Mkwe haketi pale mama mkwe huketi. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli vichakani. Vijana wengi siku hizi huiona kuwa mambo ya zamani, na pasta wa kanisa lao amehubiri zaidi ya mara moja kwamba kwa Yesu hakuna ukuta kati ya mtu na mtu. Washirika wakasema amina, kisha Kaveke akatokea mlango wa mbele na Gedion akatokea wa nyuma.

Ona basi alivyobanwa. Akimpelekea Gedion pikipiki, Gedion ataitengeneza, na fundi wa kweli haachilii pikipiki kabla hajaipanda akaizungusha aisikie. Ataipandaje? Kiti kile hukaliwa na mama mkwe wake. Ni afadhali aambiwe akalale kitandani mwa mama mkwe. Akiipeleka kwa fundi mwingine, Nuu nzima itauliza mkwe ana kasoro gani hata mama wa mkewe asimwamini, na aibu hiyo itamwangukia Kaluki. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo ni gunia, uteo na banda la mbuzi.

Gedion naye alikuwa na adabu zake. Akisikia pikipiki nyekundu inakuja, huvaa shati haraka, maana joto la pale huwafanya mafundi wafanye kazi kifua wazi, kisha hugeukia ukuta kama mtu anayetafuta spana iliyopotea. Kaveke hupita akiwa ameangalia upande wa pili wa barabara. Siku moja nusura amgonge mbuzi wa watu kwa ajili ya heshima hiyo. Lakini mtu hawezi kugeuza masikio. Gedion alikuwa akiisikia pikipiki ile kila siku, na fundi akisikia kitu kinalia vibaya hawezi kupata usingizi. Ndipo zilipoanza salamu za kupitia kwa Kaluki.

"Mama, uko poa?" Kaluki alipiga simu jioni moja.

"Niko. Mbinya ameacha kukohoa?" Mbinya ni mjukuu.

"Ameacha. Sasa, mama, baba Mbinya anasema cheni yako iko tight sana. Anasema uilegeze kidogo."

"Amejuaje?"

"Ameisikia ukipita."

"Mwambie asante," Kaveke alisema, kwa sauti ile ambayo watoto wake wote wanajua haina asante ndani. "Hiyo cheni niliikaza mwenyewe na iko sawa."

Hakuilegeza. Kwake, cheni iliyolegea ni uvivu. Lakini Jumatatu iliyofuata, alipoinama kuikagua, aliikuta inaning'inia. Akashangaa, akaikaza. Jumatatu nyingine, vilevile. Akaanza kuamini kwamba cheni za siku hizi zinatengenezwa kwa chuma cha kitoto, akazidi kuikaza, nayo kila baada ya Jumapili ikawa imelegea kana kwamba na yenyewe ilikwenda kanisani ikasamehewa.

Kisha ukaja moshi.

Ulianza baada ya watu kuvuna pojo, Jumatatu asubuhi. Kaveke aliwasha, akaona nyuma yake wingu la samawati limemeza banda, mbuzi na uteo. Alipopita sokoni watu waliziba pua. Katikati ya wiki moshi ulipungua, Ijumaa na Jumamosi ukawa karibu haupo, naye akapumua. Jumatatu ukarudi. Akasema labda pikipiki inachukia Jumatatu kama wafanyakazi wa serikali. Lakini wiki zilipopita akaacha kufanya mzaha. Injini nayo ikawa nzito, oili ikaanza kuvuja kwenye maungio, na mlio ukabadilika, ukawa kama wa mtu anayezungumza mdomo umejaa.

Kila aliyekuwa na pikipiki alimwambia neno moja: ringi za pistoni zimekwisha. Injini inataka kufunguliwa yote. Na hapo ndipo moyo wa Kaveke ulipozama, kwa sababu hakujua kufungua injini yote. Uteo wake haukuwahi kufika huko. Akafungua kifuniko kimoja siku moja, akatazama ndani, akaona vitu vingi vinavyong'aa asivyojua majina yao, akakifunga tena taratibu.

Kaluki alikuja mwenyewe safari hii, Mbinya mgongoni. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda anaitazama pikipiki bila kuigusa.

"Mama, baba Mbinya anasema usiipande tena."

"Ee."

"Anasema ikikwama kwa ule mteremko wa mlimani, itakurusha. Anasema umwachie aifungue. Ataifanya pole pole, mwenyewe, si wale vijana wake."

"Na akimaliza ataisukuma kwa mkono kutoka huko mpaka hapa ndio ajue kama imepona?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

"Mama, mimi nimechoka." Kaluki alikuwa mpole tangu utotoni, na wapole wakichoka huchoka kabisa. "Yeye ananiambia nikuambie. Wewe unaniambia nimwambie. Nikifika nyumbani ananiuliza ulisema na uso gani. Mimi niliolewa, sikuajiriwa kuwa mlingoti wa simu!"

Kaveke alitaka kucheka akashindwa. Alimpokea Mbinya, akambeba, akasema polepole, "Mwana wakwa, si kwamba simwamini. Nikiipeleka kwake nitakuwa nimemvua nguo barabarani. Na yeye atakuwa amenivua mimi. Heshima yetu ndiyo kitu pekee tumepeana tangu akuoe."

Kaluki alikunywa chai akaenda zake.

Mulwa alipopiga simu kutoka Kibwezi, upepo wa shambani ukivuma kwenye simu, alisikiliza yote kisha akasema, "Si uuze? Umefanya ya kutosha. Uje huku tulinde vitunguu pamoja." Alisema kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo akamchoma mkewe. Kaveke hakutaka kulinda vitunguu. Alitaka kukata kona ya mwisho ya boma na kuona kuku wakitawanyika. Alikuwa mtoto wa tano wa mtu maskini, aliyeacha shule mapema na kuolewa mapema, na hakuna mahali popote duniani alipowahi kuitwa kitu kingine isipokuwa mama wa fulani, mpaka alipopanda kiti kile. Alilijua hilo vizuri, nalo lilimuuma vizuri.

Hata hivyo alipiga simu. Kulikuwa na mtu kutoka Kabati, Ndolo, anayenunua pikipiki zilizochoka na kuzikatakata kuuza spea. Alisema atakuwa Nuu Jumapili na gari lake la mizigo, amkute kanisani baada ya ibada. Walikubaliana kwa maneno machache. Baada ya kukata simu Kaveke aliingia ndani akalala saa za mchana, kitu ambacho hakukifanya hata alipokuwa na malaria.

Jumapili aliiosha pikipiki kwa maji na sabuni mpaka ikawaka. Akaipanda pole pole hadi kanisani akaiegesha kando ya tangi la maji, mahali pake pa siku zote. Ibada ilikuwa ndefu kama kawaida. Kwaya iliimba, akina mama wakaimba, wageni wakasimama kusalimu, kisha yakafika matangazo, ambayo katika kanisa lile yana maisha yao wenyewe. Kaveke hakusikia hata moja. Alikuwa akisikiliza nje kama gari la Ndolo limefika. Mwisho aliona kwamba hawezi kukaa ndani wakati chombo chake kiko nje kimebakiza saa moja. Alijifunika leso, akainama kama mtu anayekwenda msalani, akatoka.

Alizunguka tangi, akasimama ghafla.

Mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki nyekundu. Alivaa suti ya Jumapili, koti limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya jiwe, mkono wa shati umepandishwa hadi kiwikoni. Alikuwa na chupa ya oili mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa ukizungusha kifuniko cha injini, kwa upole ambao Kaveke hakuwahi kuuona kwenye gereji yoyote.

Alikuwa Gedion.

Waliona kwa pamoja kwamba wameonana. Gedion aliruka akaanza kutafuta pa kukimbilia, lakini mbele yake kulikuwa na tangi na nyuma yake ukuta wa kanisa, na hakuna kichaka hata kimoja. Kaveke alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka tangi likawa kati yao. Adabu ilimtaka aondoke. Lakini kitu kilichokuwa kando ya tangi kilikuwa chake, na Ndolo alikuwa njiani, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ya binti yake alitaka kujua jambo kuliko alivyotaka kuheshimiwa.

Akafanya hesabu ya haraka. Kusema na mkwe ni vigumu. Lakini pikipiki si mkwe wa mtu.

"Wewe pikipiki," akasema kwa sauti, akiliangalia tangi. "Hebu niambie. Nani anakupea oili siku ya Mungu?"

Ndani ya kanisa mtu alitangaza mkutano wa vijana. Kisha sauti ya Gedion ikatoka upande wa pili, nyembamba kwa hofu.

"Pikipiki inasema imekosa. Inasema hupewa oili kila Jumapili wakati wa matangazo. Inaomba msamaha."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, tangu watu wavune pojo. Oili huwa iko chini sana. Inataka kikombe kizima."

"Na cheni?"

"Na cheni. Cheni ilianza kitambo. Ilikuwa inakazwa sana. Cheni ikikazwa hivyo inaweza kukatika kwa mteremko. Na... na mama yuko juu yake."

Kaveke aliegemeza kiganja kwenye bati la tangi. Akakumbuka Jumatatu zote alizoinama kukaza kitu kilicholegezwa na mkono wenye huruma. Kisha jambo jingine likamjia, polepole, likapanda kutoka tumboni mpaka kichwani.

"Pikipiki," akasema, "umesema kikombe kizima?"

"Kizima."

"Basi mwambie huyo mtu kwamba hata mimi nakupea kikombe kizima. Kila Jumatatu. Miaka hii yote."

Upande wa pili wa tangi ikasikika sauti ya mtu anayekaa chini kwa ghafla bila kujali suti.

"Aiya!" Gedion akasema. "Vikombe viwili!"

"Viwili."

"Jumapili naijaza, Jumatatu inajazwa tena juu yake. Oili ikizidi haina pa kwenda, lazima ichomeke. Ndio moshi. Ndio inavuja. Halafu wiki ikiisha imechoma mpaka imerudi chini, mimi nakuja napata imepungua, nasema hii injini imekwisha, inakula oili kama ng'ombe..." Akashindwa kuendelea. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyejizuia muda mrefu. "Haiumwi! Hii injini haiumwi hata kidogo. Imeshibishwa tu na watu wawili!"

Kaveke alicheka pia. Alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ukingo wa saruji, leso mdomoni asisikike ndani, na akiwa katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kucheka tena. Alikuwa ameiosha pikipiki ile asubuhi kama maiti.

"Pikipiki," akasema alipoweza, "mwambie kwamba sikuwa napima. Ule mstari wa kijiti siuoni. Macho yameisha. Hakuna mtu anajua."

Gedion alijibu kwa sauti iliyoshuka.

"Ningejua hilo," akasema, "ningeuwekea rangi nyekundu, mstari mnene. Ni kitu kidogo sana."

"Na wewe si ungesema kwamba unatia?"

"Nilituma maneno ya cheni, yakarudi. Asubuhi nikisikia hii kitu ikipita naanza kazi. Jioni siwezi kufunga kibanda kabla sijaisikia ikirudi. Kaluki hukasirika chakula kikipoa. Lakini nitakulaje na sijui kama mama amefika?"

Hakusema mama mkwe wala mama Kaluki. Alisema mama, na alisema bila kulipitisha kwenye pikipiki. Kaveke alisikia neno hilo likimwingia na kukaa. Miaka yote alikuwa akigeuza uso pale kibandani akidhani mtu anayegeukia ukuta hana habari naye, kumbe yule ndiye mtu mmoja katika Nuu nzima aliyejua kila jioni kama amefika salama au la. Alijilaumu kidogo, akampenda sana.

Ndani walianza wimbo wa kufunga. Gedion alikuwa tayari ameinama chini ya injini. Fundi akishajua ugonjwa hawezi kungoja.

"Lazima hii iliyoungua itoke, nitie upya kwa kipimo," akasema. "Na cheni niirudishe mahali pake." Akafungua nati ya chini, oili nyeusi ikaanza kuchuruzika, naye akanyoosha chupa tupu nyuma yake bila kutazama, kama anavyofanya kibandani kutwa nzima kwa yeyote aliye karibu. "Shika hapa."

Kisha akakumbuka anayemwambia ni nani, mkono ukaganda hewani.

Kaveke aliinuka. Akalizunguka tangi. Akapiga magoti mchangani na gauni lake la kanisani, akapokea chupa kutoka mkononi mwa mkwewe, akaikinga chini ya injini.

"Nimeshika," akasema.

Hivyo ndivyo watu walivyowakuta walipotoka. Mama mmoja alishika mdomo. Wazee wawili walikatisha mazungumzo. Kaluki alitokea mlangoni akiwa na Mbinya mkononi, akawaona vichwa viwili vimeinama juu ya injini moja, akasimama. Kisha akageuka akarudi ndani ya kanisa tupu akisema amesahau Biblia, na Biblia ilikuwa kwapani.

Gari la mizigo liliingia likipiga honi. Ndolo alishuka, mnene, mchangamfu, kamba begani, akawasalimu wote akaja moja kwa moja kwenye tangi. Aliitazama pikipiki inayong'aa, akaitazama oili inayotiririka, akamtazama mwanamume wa suti aliyechafuka mpaka shingoni.

"Mama Kaluki, mbona tena inafunguliwa?" akauliza. "Si tulisema naichukua vile iko? Na huyu ni nani?"

Kaveke hakuinua macho. Chupa ilikuwa imekaribia kujaa na mkono wake ulihitaji kutulia.

"Huyu ni fundi wangu," akasema. "Na hii haiuzwi, bado tunaitengeneza."